Mufilisi wa Duniani na Mufilisi wa Akhera

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye hazina zisizopunguka, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyekuwa akijilinda kwa Mola wake na mzigo wa deni kama alivyokuwa akijilinda na dhambi, na ziwafikie jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wasomaji, katika darsa yetu ya baada ya Magharibi waliinuka watu wawili wakauliza masala mawili, na usiku ule hatukupata wasaa wa kuyajibu kama yalivyostahili. Leo twayaleta katika ukurasa huu, kwani tunajua kuwa wenye masala haya si hao wawili tu.

Wa kwanza ni mwenye gari moja la abiria. Alieleza kuwa kila mwaka amekuwa akilipa bima kama sheria inavyomlazimisha. Gari lake likamgonga mtu, mtu yule akavunjika mguu, na shauri likaenda mahkamani likakaa miaka. Hukumu ilipotoka, kampuni ya bima ilikuwa imekwisha kufilisika na ofisi yake ina kufuli. Sasa madalali waja mlangoni kwake yeye. Auliza: mtu yule aliyeumia ana haki gani juu yangu, ilhali haki hiyo nimekwisha kuilipia?

Wa pili ni mwenye duka ambaye biashara yake imeanguka. Ameambiwa kuwa kwa sheria ya Kenya ya leo, mtu akitangazwa kuwa mufilisi, baada ya miaka mitatu huachiliwa na mahkama, na wenye kumdai hawana tena njia ya kumfuata. Auliza: nikiachiliwa na mahkama, je, nimeachiliwa na Mungu?

Masala haya mawili ni mamoja, ila mmoja anaitazama khasara kutoka upande wa anayedai na mwengine kutoka upande wa anayedaiwa. Basi na tuanze kwenye shina lake.

MUFILISI KATIKA SHARIA

Neno hili mufilisi tumelipokea katika Kiarabu, na asili yake ni fulusi, yaani vijisarafu vya shaba. Ni mtu aliyekuwa na dhahabu na fedha, akabakiwa na vijisarafu, kisha hata hivyo vikamtoka. Katika fiqhi ni yule ambaye madeni yake yamezidi mali yake.

Mwenyezi Mungu ametufunza katika Suratul Baqara kwamba mdaiwa akiwa na dhiki, apewe muhula mpaka apate wasaa, na kwamba kumsamehe kabisa ni kheri zaidi kwa mwenye kujua. Kisha aya ya pili yake, ambayo ndiyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Tazameni hekima hii: rehema kwa aliyeanguka na hadhari kabla ya kuanguka, zote mbili zimewekwa pahala pamoja.

Na Mtume (s.a.w.) ametuonyesha kwa vitendo. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba mtu mmoja alinunua matunda, matunda yakapatwa na msiba, madeni yakamlemea. Mtume akawaamrisha watu wamsaidie kwa sadaka. Wakatoa, na bado haikutosha. Ndipo alipowaambia wenye kumdai wachukue walichokikuta, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Imepokewa vilevile kwamba Muadh bin Jabal, kijana mkarimu asiyeweka kitu, alizama katika madeni, na Mtume akaizuia mali yake na kuiuza ili wenye haki walipwe. Na katika baadhi ya mapokezi, walipata sehemu tano katika saba za haki zao. Baada ya hayo Muadh hakutupwa wala hakuaibishwa. Alipelekwa Yemen kuwa mwalimu na kadhi.

Na Seyyidna Umar katika zama zake alisimama mbele ya watu akaeleza khabari ya mtu wa kabila la Juhayna, Usayfi', aliyekuwa akinunua ngamia wa mbio kwa bei ya juu ili awe wa kwanza kurejea kutoka Hija, mpaka akafilisika. Umar akawaita wenye kumdai waje asubuhi wagawiwe mali yake, kisha akawaonya watu na deni. Khabari hiyo imo katika Muwatta ya Imamu Malik. Watu wangapi leo ni Usayfi', wanaokopa ili waonekane mbele ya wengine katika harusi, katika magari, na hata katika safari ya ibada!

Kutokana na haya wanavyuoni wakaweka kanuni. Kadhi humzuia mufilisi asiitumie mali yake kwa kuwadhulumu wenye haki; mali huuzwa; kila mwenye kudai hupata kwa kadiri ya deni lake, asipendelewe aliye karibu wala mwenye sauti kubwa; aliyeikuta bidhaa yake yenyewe iko vile vile mikononi mwa mufilisi ana haki nayo zaidi; na mufilisi huachiwa nguo zake na chakula cha watu wake. Imamu Abu Hanifa alikhitilafiana nao katika kumzuia mtu mzima mali yake, akaona afungwe mpaka auze mwenyewe, lakini wanafunzi wake wawili wakubwa wakawa pamoja na maimamu wengine. Na ama kifungo, hicho ni cha mwenye uwezo anayekataa kulipa, kwani kuchelewesha kwa tajiri ni dhulma. Maskini aliyethibiti umaskini wake hafungwi.

ULAYA ILIVYOJIFUNZA

Na tutazame sasa waliotutungia sheria za biashara katika nchi yetu. Uingereza sheria yake ya kwanza ya mufilisi ilikuwa ya mwaka 1542, zama za mfalme Henry wa nane, nayo ilimhesabu mufilisi kuwa mkosa tu. Mwaka 1570 wakaifanya ya wafanyabiashara peke yao. Mwaka 1705 wakaweka kwamba mufilisi anayesema kweli na kutoa alichonacho aweze kuachiliwa na deni lake, lakini anayeficha mali kwa khadaa auawe. Na mdaiwa ambaye si mfanyabiashara hakuwa na mlango huo hata kidogo mpaka mwaka 1861. Yeye nyumba yake ilikuwa jela.

Katika London kulikuwa na jela ya Marshalsea, nayo ilijulikana kwa wafungwa wa madeni. Mwaka 1824 alitiwa humo baba yake Charles Dickens, mwandishi mashuhuri, kwa deni la muokaji mikate, paundi 40 na kitu. Mwanawe mwenye umri wa miaka 12 akawa anafanya kazi katika kiwanda cha dawa ya viatu. Mwenye akili atauliza: aliyefungwa atalipa kwa nini, na hali mkono wake umezuiwa usichume? Swali hilo dogo liliwachukua Waingereza zaidi ya miaka mia tatu kulijibu. Mwaka 1869 ndipo walipoondoa kifungo cha deni kwa wadaiwa wengi, wakakibakisha kwa mwenye uwezo anayekataa. Mwaka 1883 serikali ikaweka maafisa wake wa kuchunguza kila aliyefilisika, ili ijulikane nani ameanguka kwa msiba na nani kwa khiyana. Mwaka 1986 wakazikusanya sheria za kufilisika kwa watu na kwa makampuni katika sheria moja, ambayo ndani yake kampuni yenye shida hutafutiwa kwanza njia ya kuokolewa.

Ndugu yangu, usikimbilie kujigamba kuwa sisi tulikuwa na haya kabla yao. Tulikuwa nayo vitabuni. Nenda sokoni ukaulize: nani kati yetu aliyempa muhula mwenye dhiki bila ya kumtangaza mitaani? Nani anayeandika deni na kuliwekea mashahidi? Mtu hukopeshana na nduguye kwa maneno matupu na kusema kuandika ni kutoaminiana, kisha mwaka haupiti ila wako mbele ya kadhi, na undugu umekwisha kukatika. Wenzetu waliipata haki kwa taabu baada ya karne tatu, na sisi tuliopewa bure tumeiweka kabatini. Ni nani basi mwenye kustahiki lawama?

KAMPUNI YA BIMA INAPOANGUKA

Katika mwaka 1855 Waingereza waliruhusu kampuni ambayo wenye hisa wake hawadaiwi zaidi ya hisa zao. Hapo alizaliwa mdaiwa wa namna mpya, asiyekuwa na uso wa kuona haya wala kaburi la kuombewa dua. Huweza kufa leo, na wenyewe kesho wakaanzisha mwengine kwa jina jengine.

Na katika makampuni yote hakuna ambayo kuanguka kwake ni kwa khatari kama ya bima. Mwenye duka akianza kuanguka, kila apitaye huona rafu zinavyokuwa tupu. Kampuni ya bima ni kinyume chake: hupokea fedha leo na kutoa ahadi ya kesho. Siku inayoelekea kuanguka huenda ndiyo siku sanduku lake limejaa, kwani imepunguza bei ili watu wengi waingie, na kwa fedha ya aliyeingia leo inamlipa aliyepata ajali mwaka jana. Anayedanganyika ni yule ambaye bado hajafikiwa na msiba.

Mwaka 1869, mwaka ule ule wa kuondolewa kifungo cha deni, ilianguka London kampuni ya bima ya maisha iliyoitwa Albert, ambayo ilikuwa imeyameza makampuni mengi madogo pamoja na madeni yao. Watu waliolipa maisha yao yote kwa ajili ya wajane na mayatima wao wakakuta mkono mtupu. Bunge likatunga sheria mwaka 1870: kila kampuni mpya ya bima ya maisha iweke amana ya paundi 20,000, fedha za bima ya maisha zitengwe na biashara nyengine, na hesabu zitangazwe. Haya, ukiyazingatia, ni mambo ya amana tu: usichanganye mali ya watu na yako, na uwe tayari kuonyesha hesabu.

Lakini sheria hiyo ilikuwa ya bima ya maisha, na tamaa ikahamia kwenye magari. Mwaka 1966 ikaanguka Uingereza kampuni ya Fire, Auto and Marine, iliyokuwa ikiuza bima kwa bei rahisi, na ikabainika kwamba hati za mali ilizodai kuwa nazo ni za uongo. Mkubwa wake, Emil Savundra, alihukumiwa kifungo mwaka 1968. Mwaka 1971 ikaanguka Vehicle and General, na wenye magari karibu milioni moja wakaamka bila ya bima. Mwaka 1975 ndipo ilipotungwa sheria ya kuwalinda wenye bima, kwa kuwachangisha makampuni yaliyosimama ili walipwe walioachwa na yaliyoanguka.

Na sisi Kenya tumeipita njia ile ile. Sheria ya mufilisi tuliyorithi ni ya mwaka 1930, iliyochukuliwa katika ya Waingereza ya mwaka 1914. Sheria yetu wenyewe ya bima ilitungwa mwaka 1984. Pamoja na hayo, mwaka 1996 likaanguka shirika la bima la serikali yenyewe, Kenya National Assurance. Mwaka 2005 ikawekwa chini ya msimamizi United Insurance, iliyokuwa imebeba bima za matatu nyingi. Mwaka 2009 Standard Assurance. Mwaka 2011 Blue Shield. Kila moja iliacha nyuma yake watu wa namna mbili: aliyeumia asiyelipwa, na mwenye gari anayefuatwa. Serikali nayo ikaanzisha mwaka 2004 Mfuko wa Fidia ya Wenye Bima, ikaunda mamlaka ya kusimamia bima kwa sheria ya mwaka 2006, na mwaka 2015 ikaifuta sheria ya zamani ya mufilisi na kuweka sheria mpya. Sheria hii mpya humpa mdaiwa nafasi ya kulipa kidogo kidogo, na asiyekuwa na kitu, ambaye madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na 4,000,000, ina mlango wake khasa.

BIMA YENYEWE

Huenda msomaji akasema: mbona mwaizungumza bima kama kwamba ni halali? Khitilafu juu yake si ya leo. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliizungumza bima ya majahazi na akaikataza. Mwaka 1961, katika mji ule ule wa Damascus, Sheikh Mustafa al-Zarqa akatoa hoja za kuijuzisha. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi lililokutana Jeddah likatoa uamuzi kwamba bima ya biashara ni haramu kwa kuwa ina gharari kubwa, na kwamba badala yake ni bima ya kusaidiana, ambayo watu huchanga kwa nia ya kubebana. Kenya kampuni ya kwanza ya namna hiyo ilianza kazi mwaka 2011.

Sisi twaelekea kwenye uamuzi wa Jeddah. Lakini twaongeza neno moja: jina la Kiarabu mlangoni halijazi sanduku. Mwenye kuchukua michango ya Waislamu kwa jina la kusaidiana, kisha asitoe hesabu, khiyana yake ni kubwa zaidi, kwani amekula mali ya watu kwa kisingizio cha dini yao. Na ambaye sheria ya nchi imemlazimisha kukata bima ya gari, na hana njia nyengine, huyo ni mwenye dharura.

JAWABU

Ewe ndugu mwenye gari. Mtu aliyeumia hakuichagua kampuni ile, wala hakuona mkataba wenu, wala hakula faida ya gari lako. Uliichagua wewe. Haki yake haipotei kwa sababu sanduku ulilolichagua limetoboka. Jambo hili ni zito, nasi hatulisemi kwa kukufurahisha. Lakini na wewe una haki zako. Peleka dai lako kwa mfilisi wa kampuni kwa maandishi na kwa wakati, ulipeleke na kwenye Mfuko wa Fidia, wala usikae nyumbani ukingoja. Nenda kwa aliyeumia kabla madalali hawajaja kwako, umwonyeshe ulichonacho kwa kweli, na muafikiane malipo ya kila mwezi. Akiona ukweli wako, aya ya muhula inamhusu yeye.

Na sisi wengine tuna neno la kuambiwa. Mwaka huu ni wangapi walionunua stika ya bima kwa kuuliza bei peke yake, wala wasiulize: kampuni hii hulipa? Tukinunua mbuzi twamfungua kinywa tukatazama meno yake. Bima ya gari lenye roho 14 ndani yake twainunua dirishani huku injini inanguruma.

Ewe ndugu mwenye duka. Kuachiliwa na mahkama ni kuondolewa fimbo ya serikali mgongoni mwako, nayo ni rehema, nawe waweza kuipokea. Ama haki ya mtu katika dhima yako, hiyo haiondoki ila kwa kulipwa au kusamehewa na mwenyewe. Wale waliochukua walichokikuta kwa mnunuzi wa matunda walizuiwa kumsumbua katika dhiki yake. Wanavyuoni wengi wamefahamu kwamba lililobaki lilibaki likingoja wasaa wake. Basi andika majina yao wote na wanachokudai, uwape watoto wako wajue karatasi hiyo iko wapi. Ukipata, lipa, hata shilingi mia. Na atakayekusamehe, mshukuru na umuombee. Usihuzunike ukajiona umekwisha kuangamia: imepokewa katika Bukhari kwamba anayechukua mali za watu kwa nia ya kulipa, Mungu humlipia, na anayezichukua kwa nia ya kuziharibu, Mungu humharibu. Chunguza nia yako ya siku ile ulipokopa, kwani hiyo mahkama haiijui.

Na enyi ndugu zangu wenye kutoa zaka. Mwenyezi Mungu amezitaja katika Suratut Tawba sehemu nane za zaka, na moja katika hizo ni ya wenye madeni. Kila Ramadhani twaona foleni za watu wakipewa noti moja moja milangoni, kisha kila mtu akarejea na dhiki yake ile ile. Ni nani aliyekaa na wenziwe msikitini wakasema: mwaka huu sehemu ya wenye madeni tutaikusanya pamoja, na tutamfungua mtu mmoja kweli kweli? Mtume aliposema wamsaidie mnunuzi wa matunda, walianza kwa kutoa kabla ya kugawana. Sisi tumeshika kugawana, tumesahau kutoa. Twapendekeza kwa darsa hii ianze na hawa wawili, na jina la mtu lisitajwe mimbarini.

Mwisho, kumbukeni kwamba Mtume aliwauliza Masahaba mufilisi ni nani, nao wakajibu kuwa ni asiye na dirhamu wala mali. Akawafahamisha kuwa mufilisi wa umma wake ni atakayekuja Siku ya Kiama na sala, saumu na zaka, naye amemtukana huyu na kula mali ya yule. Thawabu zake zigawiwe wenye kumdai, na zikimalizika kabla ya madai, abebeshwe dhambi zao. Huko hakuna kampuni ya kujificha nyuma yake, wala hisa yenye mpaka, wala kuachiliwa baada ya miaka mitatu. Anayekaa katika kiti cha kuangalia mali ya watu, kikiwa cha bima, cha chama au cha wakfu, na aliangalie daftari lake usiku huu kabla ya kulala.

Ewe Mola wetu, tulipie madeni yetu kwa halali yako, uwape wasaa wenye dhiki katika sisi, uzilainishe nyoyo za wenye kudai, wala usitufilisi siku ambayo hapana wa kutudhamini ila rehema yako. Amin.